Kabla ya kununua kuvu ya unga kwa ajili ya ardhi ya mgodi

Mhariri,

Habari za kurejesha ardhi iliyochimbwa karibu zote huhesabu miche: imepandwa elfu ngapi, na nani, mbele ya mgeni gani. Mizizi ya miche hiyo haiulizwi habari. Siku hizi kuna bidhaa inayouzwa kujaza pengo hilo: unga wa kuvu za mizizi, unaosemwa kwamba ukinyunyizwa juu ya kifusi, mimea itahimili ukame, asidi na metali nzito. Ahadi hiyo ina ukweli ndani yake, na ni ukweli huo unaowaponza wanunuzi. Kuvu zinazostahimili udongo wa migodi zipo kweli. Lakini pa kuzitafuta kwanza ni kwenye mizizi ya majani yaliyojiotea pembezoni mwa kifusi hichohicho, na kazi ya kuzikusanya, kuzizidisha na kuzipima inawezekana kwenye kitalu cha kawaida chenye hadubini moja.

Kwa msomaji ambaye jambo hili ni geni kwake: kuvu hizi, ziitwazo mikoriza zikishaungana na mzizi, huishi sehemu ndani ya mzizi na sehemu nje. Mmea huzilisha sukari na mafuta, kiasi cha asilimia 4 hadi 20 ya kaboni yote inayotengenezwa na majani. Nazo huuletea mmea fosforasi, zinki, shaba, nitrojeni na maji kutoka mahali ambapo mzizi haufiki. Uzi wa kuvu una unene wa mikromita 2 hadi 10 tu, kwa hiyo hupenya matundu ya udongo ambayo mzizi mwembamba kabisa hauyaingii, na huenda sentimita kadhaa nje ya eneo ambalo mzizi umekwisha kulikomba.

Yapo makundi mawili makubwa, na anayeyachanganya huharibu kazi tangu mwanzo. Kundi la kwanza huingia ndani ya seli za mzizi na hupatikana kwenye nyasi, nafaka, jamii ya kunde na miti mingi. Kuvu hizi hazioti peke yake bila mzizi hai. Mwaka 2017 tafiti zilionyesha kwamba hutegemea mmea hata kwa asidi za mafuta, ambazo haziwezi kujitengenezea kwa kiasi cha kutosha. Kundi la pili huuvisha mzizi ala na halipenyi seli. Ndilo la misonobari, miti mingi ya miombo na, pamoja na lile la kwanza, mikaratusi. Nyingi za kundi hili huzaa uyoga juu ya ardhi, na baadhi huoteshwa kwenye sahani za maabara. Kuvu ya msonobari haina msaada wowote kwa nyasi. Kwa hiyo mfuko unaojivunia "mchanganyiko wa aina zote kwa mimea yote" unamuuzia mnunuzi sehemu kubwa ya kitu ambacho mimea yake haitakitumia.

Ipo pia mimea isiyoshirikiana na kuvu hizi kabisa au hushirikiana kwa nadra: jamii ya kabichi, jamii ya mchicha, na ndago wengi. Hili lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana, maana mchicha pori na ndago ni miongoni mwa majani yanayowahi kufunika kifusi. Picha ya kijani inapendeza, lakini chini yake kuvu hazina mwenyeji, na msimu baada ya msimu zinapungua.

Sasa tuje kwenye uharibifu wenyewe. Uchimbaji huikabili kuvu na mashaka kadhaa kwa pamoja. Udongo wa juu huondolewa, na kwa kitendo hicho mtandao wa nyuzi hukatwakatwa. Kinachobaki juu ni miamba taka au mabaki ya uchenjuaji, yaani ya kutenganisha madini na mwamba: unga laini usio na mboji, usio na chembe zilizoshikamana, unaoganda kama sakafu ukikauka na kugeuka tope ukinyeshewa. Rangi ikiwa nyeusi, kama kwenye kifusi cha makaa ya mawe, joto la uso mchana linaweza kupita nyuzi 50 za Selsiasi. Halafu kuna chumvi, asidi na metali.

Asidi hutokana hasa na pairiti, yaani chuma iliyoungana na salfa. Ikikutana na hewa na maji, huku bakteria zikiharakisha, hutoa asidi ya salfa. Hapa pana mtego unaowanasa wengi: kifusi kipya hupimwa pH (kipimo cha asidi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi), kikaonekana kina 7, miche ikapandwa, na baada ya misimu michache pH imeshuka hadi 3 kwa sababu pairiti ilikuwa bado haijaoza. Kipimo cha pH cha leo hakitoshi. Inapasa kupima salfa ya pairiti na uwezo wa kifusi kujipunguzia asidi chenyewe, kisha kupiga hesabu. Kila asilimia 1 ya salfa hiyo katika tani moja ya kifusi huhitaji kilo 31.25 za kalsiamu kaboneti kuituliza. Hekta moja kwa kina cha sentimita 20, ujazo ukiwa na uzito wa tani 1.3 kwa mita ya ujazo, ni tani 2,600. Kwa hiyo asilimia 1 ya salfa inadai takriban tani 81 za chokaa safi ya kilimo, ukitoa kile ambacho kifusi chenyewe kinaweza kukituliza. Anayesoma hesabu hiyo ataelewa kwa nini magunia machache ya chokaa yakifuatiwa na kopo la kuvu hayabadilishi chochote. Chini ya pH 5 alumini huanza kuyeyuka na kuua ncha za mizizi, na mzizi ukifa kuvu nayo haina pa kukaa.

Tunasema haya mapema kwa makusudi. Kuvu haitifui ardhi iliyoshindiliwa na malori, ambayo uzito wake ukipita gramu 1.7 hivi kwa sentimita ya ujazo mizizi ya mimea mingi hukwama. Hiyo ni kazi ya ripa, jino refu la trekta la kupasua ardhi, nusu mita kwenda chini au zaidi, kufuata kontua, kifusi kikiwa kikavu kiasi cha kupasuka na si kuteleza. Kuvu haitulizi asidi ya pairiti. Wala haiondoi metali: zinki iliyomo ardhini leo itakuwepo kesho, isipokuwa imehamishwa mahali pake.

Basi kuvu hufanya nini hasa, na inastahimilije sumu ambayo mzizi unashindwa nayo?

Kinga ya kwanza iko nje, kwenye ukuta wa uzi. Ukuta huo una kitini pamoja na vitu vyenye chaji hasi, na metali kama risasi, shaba na kadimi hung'ang'ania hapo kabla ya kuingia ndani. Nyuzi nyingi, hasa za kundi la pili, hutoa asidi ogania kama oksaliki, ambayo hufunga baadhi ya metali zisiendelee kuyeyuka. Zile zinazopenya hukutana na kinga ya pili: protini ndogo na glutathioni zinazozikamata, pampu kwenye utando wa seli zinazozitoa nje tena, na vifuko vya ndani vyenye polifosfati ambamo hufungiwa. Spora (chembe za uzazi za kuvu) na vilengelenge vya kuvu navyo hutumika kama ghala la taka. Kinga ya tatu ni dhidi ya kemia kali ambayo metali huianzisha ndani ya seli. Kuvu huongeza vimeng'enya vinavyozima kemia hiyo. Kuvu nyeusi zinazoishi ndani ya mizizi, ambazo nyuzi zake zina vikuta (viwambo vinavyougawa uzi vyumba vyumba) na melanini nyingi, yaani rangi nyeusi, zinaonekana mara kwa mara kwenye udongo wenye metali na ukame, na melanini hiyo ni sehemu ya ustahimilivu wao. Msaada wao kwa mmea haulingani: pengine upo, pengine haupo.

Ukame nao una mlango wake. Nyuzi hufunga chembe za udongo pamoja, vikapatikana vidonge vyenye matundu ya kushika maji na kupitisha hewa. Kwenye mabaki ya uchenjuaji yasiyo na muundo wowote, huo ni mwanzo wa udongo. Pia mmea wenye kuvu hurekebisha njia za maji kwenye utando wa mizizi yake na mara nyingi huendelea kufungua majani kwa muda mrefu zaidi udongo unapokauka. Lakini sehemu kubwa ya faida ya kuvu kwenye kifusi ni jambo la kawaida kabisa: fosforasi. Kifusi kina fosforasi kidogo, au inayo iliyoshikwa na chuma na alumini, na mche usioipata hufa kwa njaa kabla metali haijaumaliza. Mche ulioshiba hukua, na metali iliyouingia hugawanyika kwenye mwili mkubwa zaidi. Wauzaji hupenda kuieleza tofauti hiyo kama kinga dhidi ya sumu.

Ustahimilivu huu haugawiwi sawa kwa kuvu zote, hata za spishi moja. Mfano unaojulikana vizuri ni wa uyoga Suillus luteus, mshirika wa misonobari. Karibu na viwanda vya kuyeyushia zinki huko Limburg, Ubelgiji, yapo makundi ya uyoga huo yanayokua kwenye kiwango cha zinki kinachowazuia wenzao wa ardhi safi. Misonobari iliyopewa kuvu stahimilivu iliendelea kupata virutubisho kwenye zinki nyingi. Iliyopewa kuvu ya ardhi safi ilipungukiwa. Na kustahimili zinki hakukuwa kibali cha kustahimili kadimi: kila metali huchuja kivyake. Kwa upande wa kundi la kwanza, huko Breinigerberg, Ujerumani, kuvu iliyotolewa kwenye mizizi ya urujuani wa zinki, Viola calaminaria, iliwezesha mahindi na luseni kukua kwenye udongo wenye metali nyingi ambako mimea yenye kuvu ya kawaida haikuendelea vizuri. Kwenye kifusi cha makaa ya mawe, jina linalotajwa tangu miaka ya 1970 ni Pisolithus tinctorius: Donald Marx na wenzake katika idara ya misitu ya Marekani waliikuza kitaluni kwenye miche ya misonobari, nayo ilistawi kwenye kifusi chenye asidi na joto kali milimani Appalachia kuliko miche yenye kuvu za kawaida za kitalu.

Ndiyo maana tunasisitiza chanzo cha kuvu. Aina inayozalishwa viwandani kwa urahisi, kama Rhizophagus irregularis, imechaguliwa kwa sababu inazaa spora nyingi haraka kwenye mazingira mazuri. Hiyo ni sifa ya kiwandani. Kwenye udongo wa kilimo inaweza kufanya kazi nzuri, na hata kwenye kifusi chepesi. Kwenye kifusi chenye kadimi na pH 4.5 hakuna sababu ya kuidhania hivyo mpaka ipimwe.

Kuna tofauti nyingine inayosahaulika hata na wataalamu: kuvu kustahimili sumu, na kuvu kuukinga mmea na sumu, ni mambo mawili. Kuvu inaweza kuishi raha mustarehe huku ikipitisha metali kwenda kwenye mmea. Zinki ndiyo iliyochunguzwa sana. Ikiwa chache ardhini, kuvu huongeza zinki kwenye majani. Ikizidi, mara nyingi huipunguza. Metali nyingine hazina kanuni iliyonyooka hivyo. Aseniki ina mkasa wake: ikiwa katika umbo la aseneti, mzizi huipokea kwa milango ileile ya fosfati kwa sababu zinafanana. Mmea wenye mikoriza hupunguza baadhi ya milango hiyo na kuiachia kuvu kazi ya kuleta fosfati, hivyo aseniki inayoingia inaweza kupungua. Lakini mwenye shamba akitaka kujua majani yake yana nini, njia ni moja: kuyapeleka yapimwe. Nyasi za kufunikia kifusi zisilishwe mifugo kabla ya kipimo hicho, hata ziwe zimestawi vipi.

Kwa mgodi ambao haujaanza kuchimba, au unaopanua shimo, hatua yenye faida kubwa kuliko zote haina mfuko wowote. Ni kuutunza udongo wa juu. Sentimita 10 hadi 15 za kwanza ndizo zenye nyuzi, spora na vipande vya mizizi vyenye kuvu kwa wingi. Zikwanguliwe peke yake, zisichanganywe na udongo wa chini, na zisikwanguliwe zikiwa zimeloa. Bora kabisa zipelekwe moja kwa moja kwenye eneo lililo tayari kurejeshwa. Zikilazimika kurundikwa, rundo lisizidi mita 2 kwenda juu na lipandwe mara moja nyasi na jamii ya kunde. Rundo la mita 6 ni rahisi kwa dereva wa greda, lakini katikati yake hewa haifiki, mizizi inaoza, na kuvu isiyo na mwenyeji inatumia akiba yake mpaka inakwisha. Udongo huo ukirudishwa baada ya miaka una rangi ya udongo wa juu na jina la udongo wa juu tu.

Pale ambapo udongo huo umeshapotea, kuvu zikusanywe na kuzidishwa. Tafuta mimea iliyojiotea kwenye kifusi au ukingoni mwake na inayoonekana na afya: nyasi, mikunde pori, magugu ya jamii ya alizeti. Iache ya jamii ya mchicha na kabichi. Chimba sentimita 0 hadi 20 kuzunguka mizizi, kwenye sehemu 5 au zaidi zinazotofautiana kwa hali, mwishoni mwa msimu wa ukuaji spora zinapokuwa nyingi. Chukua udongo pamoja na mizizi yenyewe, maana vipande vya mizizi huanzisha maambukizi haraka kuliko spora. Visafirishwe kivulini, kwenye mifuko isiyozibwa kabisa. Mfuko wa plastiki uliofungwa na kuachwa juani ndani ya gari huua ulichokifuata. Vaa glavu na kizuia vumbi, hasa penye zebaki, risasi au aseniki.

Changanya sehemu 1 ya udongo huo na sehemu 3 za mchanga mnene uliooshwa na kuchemshwa kwa mvuke. Kwenye autoklevu, chungu cha mvuke wa shinikizo, ni joto la nyuzi 121 kwa saa moja, siku mbili mfululizo. Tahadhari: udongo wenye manganizi nyingi ukichemshwa hivyo huachia manganizi hadi kuidhuru mimea, ndiyo maana tunapendekeza mchanga. Panda mtama pamoja na mmea mmoja wa jamii ya kunde kwenye vyungu vya lita 3 hadi 5. Mwagilia kiasi, na mbolea ya maji iwe na nitrojeni na madini mengine lakini fosforasi kidogo sana. Baada ya miezi 4, acha kumwagilia kwa siku 10 hadi 14, mmea ukauke taratibu na kuisukuma kuvu kutengeneza spora. Kata mashina, katakata mizizi vipande vya sentimita 1, changanya na mchanga wake. Hicho ndicho kianzio. Kikaushwe kivulini na kuwekwa mahali pakavu na pa baridi.

Kilo 1 ya kianzio ikichanganywa na kilo 9 za mchanga safi huzaa kilo 10 baada ya mzunguko mmoja. Vishawishi vya kuendelea mizunguko mingi ni vikubwa, na madhara yake mawili. Kwanza, kila mzunguko huzipendelea kuvu zinazozaa haraka na zile za polepole hupotea. Pili, kuvu iliyokuzwa vizazi vingi kwenye mchanga safi huweza kupoteza ustahimilivu wake; imeonekana kwa kuvu za kundi la kwanza zilizotolewa kwenye udongo wenye manganizi nyingi. Kwa hiyo mchanga wa kuzalishia uwe na asilimia 10 hadi 20 ya kifusi chenyewe, kilichochemshwa, na baada ya mizunguko 2 au 3 rudi ukingoni ukachukue mbegu mpya. Badilisha pia mmea mwenyeji kati ya mzunguko na mzunguko, usije ukafuga minyoo ya mizizi na magonjwa pamoja na kuvu. Kianzio chenye kifusi kibaki kwenye eneo lake. Kisipelekwe shamba la chakula.

Matumizi yawe kitaluni. Gramu 10 hadi 20 kwenye kila kiriba (kifuko cha mche), sentimita 3 hadi 5 chini ya mbegu au zikigusana na mizizi ya mche unaohamishwa, zinatosha ikiwa kianzio ni hai. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta ina miche 1,111, yaani kilo 11 hadi 22 hivi za kianzio. Kumwaga unga juu ya kifusi ni kuupa jua na upepo: spora haina miguu, na mzizi usipoikuta karibu inaota, inatumia akiba yake, inakufa.

Makosa ya kitaluni yanajulikana. Mbolea ya DAP au samadi ya kuku kwa wingi huujaza mche fosforasi, nao hauoni haja ya kuilisha kuvu. Mche hutoka mnene na mizizi mitupu. Viuakuvu vya kundi la kabendazimu huua kuvu za kundi la kwanza. Kivuli kizito hupunguza sukari, na kuvu ndiyo ya kwanza kunyimwa. Mara nyingi mche mnene wenye majani ya kijani kilichokolea ndio unaokufa kwanza kwenye kifusi, na mwembamba wenye mizizi iliyovamiwa vizuri ndio unaobaki. Wanaopokea miche kwa kutazama urefu wake wanachagua kinyume.

Ndiyo sababu mizizi ipimwe kabla miche haijatoka, na hapa kazi ni ya siku moja. Toa miche 10 kwa kila kundi. Osha mizizi myembamba, ikate sentimita 1 hadi 2, itie kwenye mmumunyo wa asilimia 10 wa potasiamu hidroksidi kwa joto la nyuzi 90: dakika 15 kwa mizizi ya nyasi, hadi saa moja kwa mizizi migumu ya miti. Tumia chombo cha kioo au chuma cha pua, kamwe si sufuria ya alumini, ambayo dawa hiyo huila. Glavu na miwani ni lazima. Suuza mara tatu. Chemsha dakika 3 kwenye siki nyeupe yenye wino mweusi wa kalamu, asilimia 5 ya ujazo. Suuza kwa maji yenye matone machache ya siki, acha dakika 20 au zaidi, kisha tandaza kwenye sahani yenye mistari ya miraba. Chini ya hadubini hesabu kila mahali mzizi unapokatiza mstari, angalau mara 100, ukiandika ni mara ngapi pana kuvu. Kuvu za kundi la kwanza zina nyuzi zisizo na vikuta, vilengelenge vya mviringo, na vijiti vilivyotawanyika ndani ya seli mfano wa mti mdogo. Anayeanza huhesabu kila kilichopakwa wino, zikiwemo kuvu za kuozesha zenye vikuta, na kupata asilimia 80 ya uongo. Vijiti hivyo vya ndani huishi siku chache tu, kwa hiyo kutoviona kwenye mzizi mzee hakumaanishi kuvu haipo. Sisi tungekataa kundi la miche ambalo mizizi yake yenye kuvu iko chini ya asilimia 30.

Kipimo hichohicho kinafaa kuupima unga wa dukani kabla ya kuulipia. Jaza vyungu 5 mchanga uliochemshwa na unga kwa kipimo cha muuzaji. Vyungu 5 mchanga huo na unga huohuo, lakini uliochemshwa kwenye autoklevu. Vyungu 5 kifusi chenyewe kisichochemshwa, bila unga. Panda mtama, subiri wiki 6, paka wino. Vyungu vya pili ndivyo muhimu na ndivyo hurukwa. Unga mwingi huchanganywa na mbolea au asidi za mboji, nao hustawisha mmea hata kuvu yote ikiwa imekufa; ukilinganisha na mmea usiopewa chochote utaisifu mbolea ukidhani unaisifu kuvu. Vyungu vya tatu hukuonyesha kama kifusi kina kuvu zake tayari. Mizizi yake ikitoka na asilimia 40, pesa ya unga ipelekwe kwenye chokaa na ripa. Wingi wa spora peke yake usikushawishi pia: spora zilizokufa nazo huhesabika, na muuzaji anayetaja "spora kwa gramu" bila kutaja uwezo wa kuambukiza ametaja nusu ya habari.

Kwenye mikataba ya kurejesha ardhi tungependa kuona masharti manne yakiandikwa: salfa ya pairiti na hesabu ya chokaa kabla ya kupanda; urefu na umri wa marundo ya udongo wa juu; asilimia ya mizizi yenye kuvu wakati wa kutoka kitaluni na tena baada ya mwaka kwenye kifusi; na metali kwenye majani. Hesabu ya miche iliyo hai ifanywe baada ya kiangazi cha pili. Kiangazi cha kwanza mche bado unaishi kwa akiba ya kiriba.

Jambo la mwisho linawahusu watu wanaoishi karibu na maeneo hayo. Misonobari, mikaratusi na miti ya miombo ikishika, uyoga utafuata, na baadhi ni wa kuliwa. Uyoga wa mikoriza hukusanya metali kutoka eneo pana la nyuzi zake: kadimi, zebaki, aseniki, kutegemea spishi na udongo. Spishi ileile iliyo salama msituni inaweza isifae kuliwa ikiota kwenye kifusi. Kuchemsha na kumwaga maji hakutoshi kuuondolea metali, na kukausha hufanya kila gramu ibebe zaidi. Mabango ya tahadhari kwenye maeneo yaliyorejeshwa husema tu watu wasiingie kwenye mashimo. Yaongezwe mstari wa kuwakataza kuchuma uyoga, na mwenye mgodi aupeleke upimwe kila msimu unapoota.

Ni sisi,
Wataalamu wa udongo na vitalu vya miche